Kupanda Kilimanjaro ukiwa unachoma insulini

Ndugu uliyeuliza kama mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaweza kumaliza njia ya Machame akilala kwenye mahema: inawezekana. Ninachoma insulini tangu nikiwa kidato cha pili, na nimefika Uhuru, mita 5,895. Nitakueleza yaliyonisaidia pamoja na kosa ambalo lingenigharimu.

Anza kliniki, si dukani kununua viatu. Daktari wangu alinichunguza macho, figo na miguu, kisha tukakubaliana nipunguze insulini ya muda mrefu (ile inayofanya kazi polepole siku nzima) kwa asilimia 20 siku za kutembea. Kiwango changu usikinakili. Chako akipange daktari anayekufahamu. Sababu ya kupunguza ni kwamba misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baada ya mwendo, hivyo sukari hushuka usiku, umelala. Kila jioni nilikula chapati na siagi ya karanga kabla ya kulala, na saa nane usiku simu iliniamsha nipime.

Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Kalamu zangu za kuchomea insulini nilizivaa shingoni katika kifuko cha kitambaa, chini ya shati, na usiku nililala nazo. Moja niliisahau kwenye mfuko wa nje wa begi katika kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600. Asubuhi nilipoitikisa haikucheza, nikaacha kuitumia. Niliokolewa na akiba niliyokuwa nimeigawa mapema, nusu kwangu na nusu kwa kiongozi wa msafara, naye akaivaa mwilini kama mimi.

Usiku wa kuelekea kileleni, baada ya mwendo wa saa mbili hivi, nilianza kuyumba na kujibu maswali ovyo. Kiongozi alidhani ni ugonjwa wa kimo, ule unaowapata watu wakiwa juu sana mlimani, na hakuwa na kosa, kwa kuwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa hutokea katika hali zote mbili, ugonjwa huo na sukari kushuka. Nilitoa kipimo cha sukari, kikakataa kuwaka kwa baridi. Nilikibana kwapani, chini ya nguo tatu, huku yeye akinishikia tochi, na dakika kumi baadaye kikasoma 3.1 mmol/L, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Kosa langu ni zile dakika kumi. Mtu mwenye dalili, ambaye kipimo chake kimegoma, ale sukari kwanza, apime baadaye. Nilikuwa na glukosi ya unga niliyoifunga nyumbani katika vifuko vya gramu 15, nikairamba kavu kwa sababu maji ya chupa yalikuwa yameanza kuganda. Baada ya dakika 15 nilisoma 5.4, maneno yakanirudia, nikala biskuti, tukaendelea taratibu.

Juu kule hamu ya chakula hupotea, kwa hiyo insulini ya chakula niliichoma baada ya kula, nilipokwisha kuona kiasi kilichoingia tumboni. Hata ukitapika, usiache kabisa insulini ya muda mrefu, na ubebe vijiti vya kupimia ketoni (asidi zinazojikusanya mwilini insulini ikipungua) kwenye mkojo.

Mwisho, mweleze kiongozi wako haya yote mkiwa bado getini, na mkubaliane kwamba sukari ikiwa sawa nawe bado unayumba au umechanganyikiwa, atakushusha mara moja, hata kama wewe mwenyewe unakataa.