Meli za Aprili na korosho za Bijagós

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji: "Meli za kitalii zinazopita pwani ya Afrika Magharibi huwaachia nini wenyeji?" Nimeona niandike kwa sababu niliwahi kufanya kazi katika meli ya namna hiyo nikiwa baharia wa sitaha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuteremsha boti za mpira, kuwashika abiria mikono wasiteleze, kisha kubaki ufukweni na boti hadi wenyewe warudi. Niseme mapema kwamba nilipokaa kuandika nilikuwa na nia ya kuwaambia kuwa meli hizo haziachi kitu cha maana na zingefanya vizuri kupita mbali. Tuone kama nitafika nayo mwisho nia hiyo.

Wengi hudhani kwamba meli hizi ndogo, zenye abiria mia moja au mia mbili, huenda Afrika Magharibi kwa ajili ya Afrika Magharibi. Kwa meli nyingi sivyo. Kuanzia Novemba hadi Machi huwa Ncha ya Kusini, zikiwatembeza watu kati ya barafu na pengwini, na ikifika Mei au Juni huwa Ncha ya Kaskazini, Svalbard na Greenland. Katikati ya misimu hiyo miwili meli haina budi kupanda Atlantiki yote, na badala ya kuunguza mafuta ikiwa tupu, kampuni huuza tiketi za njiani: São Tomé na Príncipe, Benin, Togo, Ghana, Sierra Leone, Guinea-Bissau, Gambia, Senegali. Kwa hiyo mwezi ambao kijiji cha pwani hiyo hupata wageni hupangwa na barafu iliyo mbali kabisa na kijiji hicho. Ninaomba jambo hili likumbukwe, maana nitalirudia.

Sitakaa sana kwenye ngome za biashara ya watumwa, ingawa nahisi ndizo mlizozifikiria mlipoandika swali. Elmina, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1482, na Cape Coast zina tiketi, zina waongozaji wanaoijua kazi yao, na zinasimamiwa na bodi ya makumbusho ya Ghana. Mgeni hulipa, huingizwa katika vyumba vya chini walimofungiwa watu, hutoka hana la kusema, na basi huondoka. Kisiwa cha Gorée, mbele ya Dakar, mambo ni hayohayo. Kisiwa cha Kunta Kinteh katika Mto Gambia, kilichobadilishwa jina mwaka 2011, kinaliwa na maji mwaka hadi mwaka na hakistahimili umati. Kule kisiwa cha Bunce, Sierra Leone, walikopakiwa watu wengi waliojua kilimo cha mpunga wakapelekwa South Carolina na Georgia, yamebaki magofu na miti, na kwa maoni yangu saa moja inatosha. Kitu kilichonikera Elmina ni kimoja tu: chini ya ngome kuna bandari ya wavuvi iliyojaa mitumbwi ya rangi, na abiria wetu waliwapiga picha wavuvi hao kutoka juu ya ukuta, na sikuona njia yoyote ambayo senti ya tiketi ingeshukia kwao.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni siku moja ya Aprili katika visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau. Visiwa hivyo ni themanini na kitu, viko mbele ya mdomo wa mto Geba, na vingi havina wakazi wa kudumu. UNESCO ilivitambua mwaka 1996 kuwa hifadhi ya mazingira wanamoishi watu pamoja na viumbe, na mwaka 2025 pwani na bahari yake ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Abiria huvutwa na viboko wa kisiwa cha Orango wanaoingia hadi baharini, kasa wanaotaga kisiwani Poilão, na ndege wa pwani kwa mamia ya maelfu waliokimbia baridi ya kaskazini, ambao nao, kama meli yetu, mwezi Aprili huwa wanarudi huko. Mimi, mtu wa Mikindani, nilivutwa na vitu viwili visivyokuwa kwenye kijitabu cha abiria: maji na mikorosho. Maji ya huko yakipwa yanapwa kwelikweli, na huacha tope na mikoko mpaka jicho linachoka. Mikorosho nayo iko kila mahali, kwani korosho ndilo zao kuu ambalo nchi hiyo huuza nje, na wakati kwetu Mtwara msimu huanza kama Oktoba, kwao Aprili ndiyo kilele.

Ratiba ya asubuhi ile ilikuwa kushuka saa mbili, kutazama ngoma, na kurudi melini saa nne na nusu. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Nilipokuwa ninaishikilia boti, mvuvi mmoja wa Kinhominka, wale Wasenegali wa Saloum wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, katika visiwa hivyo, alinionesha mstari wa maji mchangani, akanyoosha kidole baharini na kutikisa kichwa. Mtoto wa pwani hahitaji mkalimani kwa ishara hiyo. Nikamweleza kiongozi wa msafara kwa redio ya mkononi, naye akajibu kwamba jedwali la maji alilonalo linampa hadi saa tano. Saa nne kasorobo boti zote zilikuwa zimelala juu ya tope, na kutoka hapo hadi kwenye maji palikuwa na mwendo mrefu wa kuzama hadi magotini, ambao abiria wa miaka sabini na kitu hawezi kutembezwa. Meli ilionekana mbali, na boti zake nyingine hazikuwa na njia ya kutufikia. Tulikuwa wa kijiji kile mpaka alasiri.

Nilitumwa kijijini na maji ya kunywa kutoka kwenye masanduku ya dharura, na hivyo ndivyo nilivyopata kuona kile ambacho kwa kawaida hufanyika baada ya wageni kuondoka. Ngoma ilikuwa imekwisha. Vijana waliocheza wakiwa wamevaa vichwa vya ng'ombe vya mbao vyenye pembe walikuwa wamevivua, wamefuta jasho, na wameshaingia mikoroshoni. Korosho zilikuwa zimeanikwa mbele ya kila nyumba, na akina mama wamekaa mbele ya malundo ya mabibo, matunda ya mkorosho, mekundu na ya njano, wakikonyoa korosho zake. Abiria walikuwa chini ya mwembe wameketi kwa safu, baadhi bado na majaketi ya kujiokolea vifuani, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyejua afanye nini, maana programu ilikuwa haina mstari wa saa ile.

Aliyevunja ukimya ni bibi mmoja wa Kijerumani aliyewahi kuniambia kwamba alistaafu uhasibu. Alivua jaketi lake, akalitundika kwenye tawi, akaenda kukaa mkekani kwa akina mama na kuanza kukonyoa bila kuuliza. Nilimwonya kuhusu utomvu, kwa sababu doa la bibo halitoki nguoni kwa sabuni yoyote. Akaitazama suruali yake nyeupe na kuendelea. Kisha akataka kujua kilo inauzwaje. Mimi nina Kireno cha kuokota huko Palma na Mocímboa da Praia, Msumbiji, na kwa kuwa Kikrioli cha Guinea-Bissau kimezaliwa na Kireno, tulielewana kwa kusuasua. Mama aliyekuwa karibu akajibu kwamba hawauzi kwa fedha kila mara. Mfanyabiashara huleta mchele, na mwaka ule kilo mbili za korosho zilikuwa zikichukuliwa kwa kilo moja ya mchele. Msomaji wa Mtwara au Lindi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ni kangomba ileile, ule ununuzi wa mitaani unaompunja mkulima, ila kwao hakuna hata mnada wa kukimbilia. Bibi akatoa kalamu, akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya ratiba, akanyamaza, akapiga tena.

Mchana ukaletwa wali kwa mawese na kombe, wale viumbe wa gamba, zilizookotwa na wanawake kutoka kwenye tope lilelile lililotunasa. Abiria walikula, wengine kwa hofu mwanzoni, wengine wakaongeza. Baada ya chakula mzee wa kijiji alikuja kwa kiongozi wetu na kumweleza kwa utulivu kwamba ada iliyolipwa asubuhi ilikuwa ya kushuka na ya ngoma, na kwamba kivuli, maji ya kunawa, chakula na mikono iliyotolewa mikoroshoni kuwapikia wageni ni hesabu nyingine. Kiongozi alieleza kwamba utaratibu wa kampuni hauruhusu kutoa fedha taslimu zaidi ya ada, bali husaidia jamii kwa vifaa vya shule. Nilitafsiri nilivyoweza. Mzee akajibu kwamba madaftari ni ya shule na wao wamepika wali. Mabishano yalichukua muda mrefu, kwa heshima zote, kila upande ukirudia lake, mpaka kikapatikana kiwango kwa kila kichwa, kwa faranga za CFA. Tatizo likawa kwamba fedha ziko melini na meli iko ng'ambo ya tope. Wakati huo majaketi yote yalikuwa yamekwisha kutundikwa kwenye mwembe, na watoto walikuwa wakiyavaa na kuyavua. Mzee aliyatazama, hakusema lolote. Kiongozi naye akayatazama, akachukua redio na kuagiza kwamba boti ya kwanza itakayokuja maji yakijaa ije na bahasha.

Tulipokuwa tukiisubiri bahasha nilikaa na mzee yule, nikamweleza kwamba na sisi kwetu ni watu wa korosho, na nikamuuliza, bila kuzunguka, kama angependa meli zije au zisije. Alisema zije, lakini zije baada ya mpunga kuingia ghalani, Desemba au Januari, wakati ambapo vijana hawana kazi nzito na ngoma inaweza kuchezwa yote bila kukatwa. Aprili, alisema, kila mkono unaomchezea mgeni ni mkono ambao hauokoti. Nikamwambia ukweli, kwamba Desemba meli huwa kwenye barafu ya kusini. Akauliza barafu hiyo ina nini mwezi huo. Nikamjibu kwamba ndiyo kiangazi chake. Aliitikia kwa kichwa, akasema basi na wao wana kiangazi chao.

Jioni ile melini baadhi ya abiria walidai warudishiwe sehemu ya nauli kwa kuikosa programu ya mchana, na wengine walisema hawajawahi kuwa na siku nzuri kama ile tangu wapande meli. Siwezi kusema ni upande upi ulikuwa mkubwa zaidi, na huenda waliofurahi walifurahi kwa sababu tu walikuwa wamekwisha rudi salama na kuoga.

Hapa ndipo nia niliyoanza nayo inaponiponyoka. Nikiilinganisha siku ile na vituo vingine vyote, kijiji kile kilipata zaidi ya ada iliyopangwa, na wageni walijua bei ya korosho, jambo ambalo hakuna mhadhara wa melini uliowahi kuligusa. Na yote mawili yalitokea kwa sababu ratiba ilivunjika. Sipendekezi kampuni zikwamishe boti kwa makusudi, na ninakiri kwamba siku nzima ya wageni themanini katikati ya msimu ni mzigo ambao kijiji hakikuuomba. Wala sitaki kuwasemea watu wa Bijagós kana kwamba kukaa kwangu nao mchana mmoja kumenipa mamlaka hayo. Lakini siwezi tena kuandika kwamba meli zipite mbali wakati mzee mwenyewe, niliyemuuliza, alisema zije.

Nikubali pia kwamba kampuni haiwezi kuhamisha kiangazi cha Ncha ya Kusini, na kwamba Desemba aliyoitaka mzee itabaki ya pengwini. Kama mwezi hauwezi kubadilishwa, kinachobaki kubadilishwa ni bei. Ada ya kushuka isipangwe na wakala aliyeko Bissau kwa kuangalia mwaka jana walilipa nini. Ikadiriwe na kijiji chenyewe kwa korosho ambazo hazikuokotwa siku hiyo, pamoja na mikono iliyopika na iliyocheza, na ilipwe mbele ya watu wote. Kisha iwe ada moja kwa visiwa vyote, kwa sababu ninaijua biashara hii: kijiji kimoja kikipandisha, cha jirani kitaitwa kikacheze kwa nusu yake, na boti zitageuza pua. Taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za visiwa hivyo ingeweza kuwakutanisha wazee wakakubaliana, ingawa najua kukubaliana kwa wazee wa visiwa tofauti si kazi ya kikao kimoja.

Basi jibu langu, Mhariri, ni kwamba zije, hata Aprili. Kampuni itakayoona ada hiyo ni ghali haijalazimishwa. Ipitilize hadi Dakar, ambako bandari ina kina cha kutosha na hakuna atakayeacha mkorosho kwenda kuichezea ngoma.

Msomaji wenu,
Mikindani