Maswali na majibu: Samadi haiachwi juani

Msimu wa kupanda unakaribia, na maswali mengi safari hii ni ya samadi.

Nina ekari moja ya luseni, yaani udongo wa kichanga, hapa Magu. Niweke mikokoteni mingapi kabla ya kupanda mahindi?

Kumi, ikiwa mkokoteni wako unabeba kama kilo 450. Usiitawanye shamba zima. Chimba mashimo, sentimita 75 mstari hadi mstari na 60 shimo hadi shimo, upande mbegu mbili kila shimo. Utapata mashimo karibu 9,000. Ukiweka nusu kilo kila moja, yaani kama kopo la lita moja, umemaliza tani nne na nusu. Kina kiwe sentimita 15. Changanya samadi na udongo, fukia kwa udongo mtupu, kisha mbegu ikae ndani ya udongo huo bila kugusa samadi. Mwaka wa pili nusu ya kiasi hicho itatosha, kwa kuwa samadi huendelea kuachia chakula chake.

Hesabu hii ni ya samadi iliyotunzwa. Ukikomba zizi lililopigwa jua na mvua mwaka mzima, unabeba mchanga. Karibu nusu ya naitrojeni (chakula kikuu cha mmea) anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo, nao ukinywewa na ardhi ya zizi hauupati tena. Tandika mabua au nyasi kavu ziunyonye, uyatoe kila wiki, urundike kivulini na kufunika kwa majani ya mgomba. Watu wa kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe, udongo wao nao ni wa mchanga, na tangu enzi za mababu wamefugia ng'ombe ndani na kubeba samadi hadi shambani. Huku bara tunamwaga vichuguu vya samadi shambani Agosti vikisubiri mvua za Oktoba na Novemba. Inauma kuona, maana naitrojeni nyingi inaruka hewani. Ukiipeleka shambani, ifukie siku hiyohiyo.

Samadi ipi ni nzuri?

Kwa zao gani? Udongo gani? Swali hili linaletwa kila mara bila hayo mawili, na bila hayo halina jibu.

Nimeweka mbolea ya kuku kwenye nyanya, kingo za majani zimeungua. Nifanyeje?

Uliiweka mbichi. Ina naitrojeni mara mbili au zaidi ya samadi ya ng'ombe, hugeuka amonia upesi, na ina chumvi. Isogeze mbali na mashina, kisha mwagilia maji mengi siku mbili tatu. Majani yaliyoungua hayaponi. Tazama machipukizi mapya.

Angalia pia unachonunua. Mabanda ya kuku wa nyama hutandikwa maranda, na gunia lenye maranda mengi kuliko mavi huleta balaa lingine: vijidudu vinavyoyaozesha huunyima mmea naitrojeni, nyanya zikageuka njano.

Nitajuaje rundo limeiva?

Chomeka fimbo hadi katikati, iache dakika kumi. Ikitoka ya moto, bado. Lililoiva halipandi joto tena hata ukiligeuza, hunuka kama udongo ulionyeshewa, na mabua hayatambuliki. Kimo cha mita moja na nusu, unyevu wa kutosha, kugeuza kila wiki mbili au tatu: hesabu miezi mitatu. Usilikwepe joto hilo. Mbegu za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na rundo lisilofika nyuzi 55 linakupandia magugu shambani.

Na acheni kumwagia majivu mengi kwenye rundo. Yanaifukuza naitrojeni.

Nikiweka samadi, bado ninunue mbolea ya dukani?

Kwenye luseni, ndiyo. Samadi ina fosforasi kidogo. Weka mbolea ya kupandia, hata nusu ya kiwango.

Bustani yangu ya mboga iko mita ishirini kutoka ziwani. Naweza kutumia samadi mbichi?

Hapana, na hapo hupaswi hata kulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Mvua moja kubwa inaisomba samadi hadi majini, inalisha gugumaji na mwani, na maji hayohayo watu wanayachota kunywa. Hamisha bustani. Huko juu nako, mboga inayoliwa mbichi, kama karoti au nyanya za kachumbari, ikae angalau siku 120 tangu samadi mbichi ifukiwe hadi kuvuna. Mchicha hauwezi kusubiri hivyo; uwekee iliyoiva.