Kwa nini Diddy hakuleta shahidi hata mmoja

Unauliza kwa nini mawakili wa Diddy, yule mwanamuziki wa Marekani, hawakuita shahidi hata mmoja. Hawakulazimika; mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Kazi yao waliifanya wakiwahoji mashahidi wa serikali, wakiwarudisha kwenye jumbe zao wenyewe za simu, zile za mapenzi. Ila ujanja mkubwa ulikuwa siku ya kwanza: video ya hotelini ya 2016 haikuwa ya kukanushwa, basi wakakiri kwamba mteja wao alimpiga mpenzi wake, kisha wakasema hilo silo aliloshtakiwa nalo. Ujasiri huo! Julai 2025 baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua hatia, likamwachia kwenye mashtaka mazito, ya kuendesha genge la uhalifu na ya kulazimisha watu kwenye biashara ya ngono, likamtia hatiani kwa makosa mawili tu, ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba. Oktoba akapewa miezi 50 jela.