Sauna ya kwanza hapo Uyole, Mbeya: kuni, umeme au infraredi?

Dada, umeuliza uanze na sauna ipi, yaani chumba cha joto kali cha kutoa jasho, kwa watu wawili. Kabla ya kuulizia bei, mwite fundi umeme akague nyaya za nyumba. Hita ya umeme yenye mawe juu yake hutaka takriban kilowati 1 kwa kila mita 1 ya ujazo, kwa hiyo kachumba ka mita 4 za ujazo kanahitaji kama kilowati 4, tena kwa laini yake yenyewe. Usiichomeke kwenye soketi ya pasi. Infraredi, inayopasha mwili moja kwa moja kwa mionzi ya joto, hula umeme kidogo, ila joto lake ni nyuzi 45 hadi 60 na humwagi maji kwenye mawe. Kama unatamani ule mvuke wa Kifini wa nyuzi 70 hadi 90, hutaridhika nayo.

Mimi ningejenga ya kuni nje ya nyumba, yenye dohani nzuri na tundu la kuingizia hewa. Kuni huku zipo, na baridi ya Julai haingoji umeme urudi. Kwa mbao za kujengea, paina ya Mafinga inafaa ikiwa imekauka vizuri. Kwenye benchi epuka vifundo, vinatoa utomvu unaounguza. Mbao zilizotiwa dawa zisiingie kabisa.

Nakusihi sana, usiweke jiko la mkaa humo ndani badala ya hita. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huku kwetu kwenye baridi inaua watu usingizini.

Mwenye presha au mjamzito amuone daktari kwanza. Siku za mwanzo dakika 10 zinatosha.