Fizi zinatoka damu nikitumia uzi wa meno, niache?

Dada, usiache. Umesema unapiga mswaki asubuhi na usiku, na damu imeanza juzi uliponunua uzi. Mara nyingi fizi za namna hiyo zilishavimba kabla, kwa sababu ya ukoga uliojibana katikati ya meno, mahali mswaki haufiki. Ukisafisha kila siku, damu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Ila angalia unavyoutumia. Kata kama sentimita 45, zungushia vidole vya kati, bakiza kipande kifupi. Upenyeze taratibu ukiuvuta huku na huku. Ukiusukuma kwa nguvu utachanja fizi. Ukishapita, ukunje ulikumbatie jino, ushushe mpaka chini kidogo ya ukingo wa fizi, upandishe, kisha jino la jirani. Wengi hapo ndipo wanaporuka: nyama iliyonasa ikitoka tu, basi wanaacha.

Kijiti baada ya nyama choma sikukatazi, lakini ubavu wa jino hakiusafishi vizuri. Uzi wa cherehani usithubutu. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, au jino likicheza, muone daktari wa meno; huenda kuna ugaga, yaani ukoga uliogandamana ukawa mgumu, wa kukwanguliwa, na uzi hauwezi kuutoa.