Usitoe adivansi! Sumaku si kipimo cha stenlesi

Wewe unayetaka reling za stenlesi juu ya nyumba hapo Malindi, eti fundi kakuwekea sumaku haikushika ukaridhika, simama hapo hapo. Sumaku hiyo hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi huku Shela, Lamu. Stenlesi ina aina zake, na kila aina ina namba: 304 haishiki, 316 haishiki, hata ile 201 ya bei ya kutupa kwa kawaida haishiki, sasa hapo umepima nini?

Mimi niliambiwa "mzee, hii haijui kutu". Nikatoa laki mbili na ushee, nikalipa mashua kutoka Mokowe, nikalipa na punda (na punda ndiye pekee aliyefanya kazi aliyolipwa). Kusi likavuma miezi michache, nikaona madoa kama ya chai. Nikasema uchafu huu, nikasugua kwa stilwuli na jiki. Wee! Jiki inaila stenlesi, na stilwuli inaacha chembe za chuma cha kawaida zinazoshika kutu zenyewe, yaani nilikuwa naulisha ugonjwa. Siku za Maulidi mgeni akaegemea na kanzu yake nyeupe, akaondoka na mstari wa kahawia mgongoni, mpaka leo nikimuona mtaani nabadilisha njia. Nilipopitisha kidole chini ya bomba, pale mvua haifiki kuosha, nikakuta vitundu kama vya sindano.

Kumbe stenlesi haina uchawi. Ni chuma kilichotiwa madini ya kromiamu, kuanzia asilimia 10.5, ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba jicho haliioni, ukiikwaruza inajirudisha. Chumvi ya bahari ndiyo inayoitoboa ngozi hiyo, halafu kutu inachimba pale pale kwenda ndani. 316 ina madini mengine, molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, ndiyo maana inastahimili zaidi, 304 ya kawaida haitiwi. Na fundi wangu alijua! Nilipomrudia kaniambia, "ah, kwani ulitaka ya baharini?" Nyumba mawimbi yanasikika kitandani bana, nilitaka ya Nairobi?

Uliza NAMBA. Akuonyeshe cheti cha kiwanda kimeandikwa 316, akirudia habari za sumaku beba pesa zako uondoke. Na diski ya grainda iliyotoka kukata mageti ya chuma isiguse bomba zako. Ukishafunga, kila wiki maji matamu na kitambaa, chini ya bomba pia, si juu tu.