Vibati vya silva ndani ya gari vimechubuka? Soma hii kabla hujashika msasa

Nilinunua gari ya mkononi hapa Tanga, injini safi, bodi safi, ila ndani vile vibati vya silva vya milangoni na kuzunguka gia vimechorwachorwa na pete na funguo mpaka aibu kumpakia mgeni. Sasa vimerudi kung'aa na kila anayepanda anauliza nimefanyaje, basi naandika mara moja nipumzike.

Kwanza ujue unachoshika ni aluminiamu au plastiki iliyopakwa silva, manake gari nyingi ni plastiki tu, ukiipiga msasa umeiua, ule utando ni mwembamba mno na huwezi kuurudisha kwa mkono, bora ubandike stika nzuri yaishe. Watakwambia jaribu sumaku, haisaidii, aluminiamu nayo haivutwi na sumaku. We gusa asubuhi kabla jua halijapiga, aluminiamu inakuwa ya baridi, plastiki haina habari. Ukishakifungua ukageuza nyuma ndo ubishi unaisha.

Kufungua, bisibisi ifunge kitambaa, na gari iwe imekaa juani kidogo, klipu zikipata joto hazikatiki ovyo. Vya usukani na vilivyo karibu na eabegi viache hapohapo.

Haya, aluminiamu iangalie kwa karibu, utaona vimistari vyembamba vimelala upande mmoja, hapo ndo kazi yote ilipo. Chukua msasa wa maji namba 400, umalizie na 600, ufunge kwenye kipande cha mbao, halafu sugua kwa kufuata vile vimistari tu, moja kwa moja toka ncha hii mpaka ile, usizungushe mkono hata kidogo, na usisugue penye mchubuko peke yake, piga kibati kizima la sivyo utabaki na kiraka kinachoonekana toka siti ya nyuma. Anzia pembeni pasipoonekana uone kama mistari inafanana na ya kiwandani. Kama kibati kina rangi, labda cheusi au cha dhahabu, usiguse, rangi itaondoka na msasa. Dawa ya meno na Brasso (dawa ya kung'arishia vyuma) ambazo watu wanazisifia zinaacha doa linalong'aa katikati ya mistari, na stiliwaya ya sufuria inaacha vipande vya chuma halafu vinashika kutu.

Ukimaliza usikiache wazi, kwa chumvi hii ya bahari na majasho yetu kitafifia haraka. Futa na spirit, usikiguse tena na vidole, puliza klia (ile rangi ya kupuliza isiyo na rangi, ya kukinga) nyepesi mara tatu, kila moja isubiri iliyopita ikauke. Ila masika usipulize jioni wala baada ya mvua, unyevu unaingia kwenye klia inakuwa na ukungu mweupe, subiri mchana wenye jua na upulizie kivulini.

Huna muda, wapo mafundi rangi Ngamiani, mpelekee kibati kikiwa kimeshafunguliwa, ila mwambie kabisa hutaki mashine ya polishi, asugue kwa mkono na afuate mistari.